Mpaka Siku ya Mashindano

Jumatatu, 5 Mei

Nimechoka. Niandike nini zaidi ya hapo? Asubuhi bwawani, nimekwenda na kurudi hadi mabega yakagoma. Mchana kazini, nimeshikilia bomba la kunyonya mate kwenye mdomo wa mgonjwa, likanichoropoka mara mbili. Daktari wa meno akaniuliza kama nimekunywa kitu. Uchovu tu, daktari! Akacheka. Akasema watu wa rika langu hununua kiti cha kuegemea, siyo baiskeli ya mbio.

Zimebaki wiki tatu. Kuogelea karibu kilometa mbili ziwani, kisha baiskeli kilometa tisini, kisha kukimbia ishirini na moja. Siku moja, mtu mmoja – mimi! Wanaiita nusu. Nusu ya nini, ya kifo?

Jumatano, 7 Mei

Mdogo wangu kachelewa. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimesimama mlangoni kama mtoto anayesubiri kupelekwa sherehe. Kaja macho mekundu, anachechemea. Kazi ya vigae hiyo – anashinda amepiga magoti kuliko padri. Na kabla ya vigae anapita hapa: anamwogesha Mama, anabadilisha shuka, anamlisha, anamgeuza. Kila asubuhi tangu mwaka jana.

Sikumsema. Ningeanzia wapi? Miaka sita tangu Mama apate kiharusi, na asubuhi zote zilikuwa za kwangu kuzibeba. Mwaka jana ndipo nilipomwomba: nisaidie asubuhi tu, mpaka siku ya mashindano. Akakubali shingo upande. Mpaka siku ya mashindano! Mjinga mimi. Nani alinituma niweke mwisho? Ningesema "nisaidie", nikafunga mdomo.

Jumapili, 11 Mei

Baiskeli, mbali sana. Upepo wa uso kwenda, na upepo wa uso kurudi – sijui uligeukia wapi. Mimi na makalio yangu hatusemezani.

Nimerudi nikamkuta wifi yangu, mke wa mdogo wangu, sebuleni kwa Mama na watoto. Kaniletea chakula, Mungu ambariki. Watoto wakauliza: shangazi, ukishinda unapewa gari? Nikasema siwezi kushinda, nikimaliza tu napewa medali. Wakatazamana. Yule mtoto mdogo kabisa akauliza inaliwa?

Tukacheka wote. Kisha wifi akaniuliza, akikunja kanga ya Mama, kama haya mambo yakiisha yameisha kweli. Kwamba mume wake siku hizi anasinzia na kijiko mkononi. Kwamba hasemi kwa ubaya. Nikamwambia yameisha, wifi, tarehe ishirini na tano. Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua ndoo.

Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Ana haki. Ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 15 Mei

Leo ziwani na kikundi. Aibu! Wenzangu wamenyooka kwenda kwenye boya, mimi nimekwenda zangu kulia, kulia, hadi kwenye matete. Kocha wetu – tunamwita Saa Mbovu kwa kuwa kwa saa yake kila mtu kachelewa – akapiga filimbi hadi mashavu yakamvimba. Akauliza naenda kumtembelea nani huko.

Akanitazama nikiogelea tena, akagundua. Kwamba navuta pumzi upande wa kulia tu, kila mara, na ndiyo maana napinda. Akataka kujua nani kanifundisha hivyo. Nikasema sijui.

Najua. Bwawani naweka simu ukingoni, kulia, juu ya taulo. Kila nikitoa uso majini naiangalia kama inawaka, isije ikawa Mama. Nikifika mwisho wa bwawa natoka majini, naihamishia ukingo wa pili, bado iwe kulia. Mwaka mzima nimeogelea hivyo! Mtu gani mwenye akili timamu huhamisha simu badala ya kugeuza shingo?

Saa Mbovu kasema nijifunze kushoto. Kwa siku kumi? Ng'o. Kasema basi nijikaze, niangalie mbele mara nyingi.

Jumatatu, 19 Mei

Sikufanya kitu. Nimelala mchana kwenye kiti cha wagonjwa, daktari akaniacha. Aliponiamsha alikuwa ameshasafisha vyombo mwenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Nafunga begi. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Maneno yake siku hizi ni machache na yanatoka upande mmoja, lakini yanafika. Akauliza kama nahama. Nikacheka. Nikamwambia narudi kesho, Mama, naenda kuogelea tu. Akasema watu huogea nyumbani.

Nimekaa naye hadi akasinzia. Niseme ukweli hapa, maana hakuna pengine pa kuusema: siitaki hiyo medali. Nataka asubuhi. Nataka kutoka nje bila kuomba ruhusa, nirudi nikiwa na njaa yangu mwenyewe. Nampenda mama yangu, na nimechoka naye. Yote mawili.

Jumapili, 25 Mei

Naandika ndani ya gari la Saa Mbovu, tunarudi. Vidole haviko sawa. Acha niandike hivyohivyo.

Maji – baridi, mateke, kiwiko cha mtu kwenye pua. Nilipinda. Bila shaka nilipinda! Mwenye mtumbwi akanipigia kelele: dada, boya liko huku, huko ni kwa watu! Nikarudi mstarini. Nikapinda tena. Nimeogelea zaidi ya walioandikishwa wote, na sijalipwa nyongeza.

Nilipotoka nikaenda kubadili nguo pale tulipoegesha baiskeli. Hapo nikafanya kituko. Nikakunja taulo langu. Kisha nikakunja la jirani. Kisha nikaanza kupanga viatu vya watu, jozi kwa jozi, maji yananitiririka – mikono imezoea, sikujua hata ninafanya nini. Msimamizi akaja mbio. Dada, hapa ni mashindano, hatufanyi usafi!

Baiskeli sina la kusema. Ilikuwa ndefu. Hakuna aliyeniita. Saa nzima, kisha nyingine, hakuna aliyeniita! Nililia kidogo, nikala ndizi, nikaendelea.

Halafu kukimbia. Kukimbia ni jina tu. Nilikuwa miongoni mwa wa mwisho, nyuma yetu kuna bwana mmoja kwenye baiskeli, kazi yake kufuata walegevu. Ukifika baada ya muda uliowekwa huhesabiwi. Akanihesabia: ukienda hivihivi unawahi, dada.

Na nilikuwa nawahi. Miguu ilikuwepo, sijui ilitoka wapi. Nikaanza kusikia kipaza sauti cha pale mbio zinapoishia, muziki, majina ya watu. Nikapunguza. Nikatembea. Nikaona ukuta mfupi wa bustani ya mtu, nikaketi.

Yule bwana akasimama. Umeumia? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Basi ni nini? Ningemwambia nini? Kwamba nikivuka pale, kesho asubuhi inarudi? Kwamba nikiwa bado sijafika, mdogo wangu bado ana ahadi? Nikamwambia nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Akashuka kwenye baiskeli. Akaketi na yeye ukutani, palepale kando yangu. Akasema yeye amechoka pia, anafanya hivi kila mwaka, na watu wa nyuma ndio humpa taabu. Kwamba atakaa dakika moja, basi, kisha ataniondoa kwenye orodha. Hakusema kwa ukali. Nikamfikiria mdogo wangu anayesinzia na kijiko. Nikaona haya. Nikasimama.

Nimemaliza. Muda ulikuwa umebaki kiduchu. Wakanivisha medali, nikalia kwa sauti, mpiga picha akafurahi sana. Saa Mbovu akanikumbatia akasema sijachelewa. Mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo, nadhani.

Nimempigia mdogo wangu. Akapiga vigelegele kama mwanamke, wifi na watoto nyuma wanashangilia jina langu. Kisha akasema pole. Siyo hongera – pole. Na kwamba kesho tutazungumza.

Jumatatu, 26 Mei

Naandika jikoni, nimeketi kwenye kigoda, maji ya kumwogeshea Mama yanapata moto. Ngazi mbili za mlango nimezishuka kinyumenyume, mapaja yamekaza.

Nimeamka saa ileile. Sikuwa na pa kwenda. Mara nikasikia mlango – mdogo wangu. Saa yake ileile! Kasema miguu imemleta yenyewe, alikuwa anakwenda kazini akajikuta hapa. Wifi hajui. Kaniuliza miguu yangu ikoje, nikamuuliza yake ikoje. Tukacheka vibaya.

Hajaketi. Begi lake la vifaa liko begani. Sijamwambia aketi, sijamwambia aende. Kuna neno moja nataka kumwomba na nimelifungia mdomoni tangu aingie. Nadhani na yeye ana lake.

Mama kaamka. Katuita kutoka chumbani, kwa upande wake ule mmoja: leo nani?

Nimemtazama mdogo wangu, na yeye alikuwa anautazama mlango wa nje. Nimejua haraka sana alikokuwa anatazama, maana na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nautazama huohuo.

Maji yamechemka. Mama anauliza tena.