Sweta la Neema

Jumanne, baada ya kula.

Nilipaswa kusema palepale. Mimi ndiye mlezi wa watoto wa kituo hiki, na leo nilikuwa pia mkalimani wa wageni wa misheni.

Dada Karen amerudi na masweta aliyofuma mwenyewe, kila moja na jina la mtoto. Alikuwa akiita jina, mtoto anatoka, anavishwa, anapigwa picha. Kisha akaita, "Neema!"

Neema tulimzika wakati wa mvua.

Kabla sijafungua mdomo, Yunisi, mwenzake wa rika moja, akatoka mbele. "Shikamoo, dada." Nimlaumu vipi? Sisi ndio tuliowafundisha kwamba mgeni haondoki na zawadi mkononi.

"Umekua, Neema!" Dada Karen akamkumbatia huku akilia. Mwaka jana alimbeba Neema mgongoni wiki nzima, na leo hakuona tofauti! Watoto wakapiga makofi. Hata mmoja hakucheka.

Sweta lilimkaa kama alipimwa. Nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Wageni walipoondoka nikamwita aje kula. "Yunisi!" Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Hakugeuka. Nikaita tena.

Nikasema, taratibu, "Neema."

"Abee, mama."