Mulango wa Mama

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi tuko salama. Maman yako amepona malaria, na tonton wako, ndugu yake, bado anapiga kelele kushinda redio yake. Unaniuliza namna ya kuanza kazi siku ambayo hakuna mutu wa kukuamuru. Umekosea mutu wa kuuliza.

Wakati wa Wabeleji nilikuwa seremala kijana katika atelier, karakana ya muzungu mumoja, hapa Bukavu. Kengele ikilia tunashika randa, ikilia tena tunaiweka. Siku moja yule muzungu, patron wetu, akaenda congé, likizo yake, akafunga atelier juma nzima. Nilikuwa na mbao zangu za kumutengenezea mama yangu mulango, kule kijijini Miti, maana nyumba yake ilifungwa na mukeka tu. Kila asubuhi nilikaa mbele ya zile mbao, mikono juu ya magoti. Nilifikiri ninapumzika. Kumbe nilikuwa ninangoja kengele.

Patron akarudi, kengele ikalia, nikaruka kama mbwa aliyeitwa.

"Na mulango wangu?" mama aliniuliza dimanche, kisha misa.

"Juma lijalo, mama."

Sina dawa ya kukupa, Furaha. Mbao zile nilizimaliza kwa siku moja, bila kengele yoyote. Zilitosha sanduku la kumuzika mama.

Babu yako