Sirudi, Jina la Lori Langu

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Sisi Kondoa hatujambo, na mbaazi zimekubali.

Unauliza kama uandike "Sirudi" kwenye lori lako jipya, maana wajomba zako wanasema jina hilo lilikufa na lori langu.

Siku ya kwanza nilipolipeleka lori hilo soko la mahindi la Kibaigwa, wafanyabiashara walikataa kunipa mahindi yao. "Mwanamke atatumwagia mzigo njiani," walisema. Nikanunua rangi nyekundu, nikaandika SIRUDI juu ya kioo huku wakinitazama, kisha nikakaa kwenye usukani nikisubiri. Jioni mama mmoja akaniambia, "Pakia yangu." Yalifika Dar es Salaam salama.

Chuma kimeoza, jina halijaoza. Sikumwomba mtu ruhusa kuliandika. Nawe liandike, tena kwa herufi kubwa, wajomba zako walisome wakiwa mbali.

Bibi yako,
Mwanaidi