Alama Kumi na Sita za Salim

Jumatatu, 12 Novemba 2007
Fomu saba leo, Bondeni. Mkongojo umenichubua kwapa tena. Kazi ni ile ile: kuuliza watu wazima wenye ulemavu wa viungo wanatoka nyumbani mara ngapi. Sokoni, ibadani, matangani, kwenye chama. Kila jibu lina alama, jumla ishirini. Mzee mmoja amepata mbili. Nilipomsomea alicheka, akasema hata hizo nimemwonea huruma.

Alhamisi, 15 Novemba
Fomu moja ilibaki, na msimamizi alizitaka zote kufikia saa kumi. Ni ya Salim, aliyeanguka kutoka paa la ghala kule Rongai, miguu ikafa. Sikumwona. Kaka yake Athumani alinizuia mlangoni, akaegemea fremu.
"Huyo hutoka sana, madam. Ijumaa zote yuko msikitini. Harusi hakosi. Wewe andika tu."
Kanuni inasema mhusika ajibu mwenyewe. Niliandika tu. Kumi na sita. Palipoulizwa nani amejibu, nikatia alama kwa "mhusika".
Najichukia. Dukani watu humwuliza dada yangu, "Huyu anataka nini?" na mimi nimesimama pale pale, na huwa nawaka. Leo nimefanya yale yale. Mguu uliniuma, nilitaka kwenda nyumbani.

Ijumaa, 25 Januari 2008
Vurugu za uchaguzi zimefika kwetu, moshi upande wa pili wa mji tangu asubuhi. Bondeni watu wanahama, magodoro vichwani. Ofisi imepata lori moja la kubeba wasiojiweza hadi uwanja wa maonyesho. Msimamizi amepanga kwa fomu zetu: walio chini ya alama kumi wafuatwe nyumbani, wengine watajitoa wenyewe. Niliona fomu ya Salim ikienda kwenye rundo la pili. Nilinyamaza. Kusema kungekuwa kukiri mbele ya ofisi nzima. Nikajiambia kaka yake yupo, atambeba.

Jumamosi, 26 Januari
Nimemkuta mke wa Athumani uwanjani na watoto watatu. Mumewe amekwama Rongai tangu juzi, barabara imefungwa. Nikamwuliza Salim yuko wapi.
"Si lori lenu lilimchukua? Tuliambiwa mnapitia walemavu wote. Nilimwachia maji na mkate, nikafunga kwa kufuli wasimwingilie, nilijua nyinyi mtaivunja."
Nimekimbia kwa msimamizi, kwa jinsi ninavyoweza kukimbia. Nimemwambia yote. Hakunifokea. Alisema tu kuna kafyu, lori haliruhusiwi kutoka. Heri angenifokea.

Jumapili, 27 Januari
Lori halikutoka. Nimeomba mara tatu. Mkate ule utakuwa umekwisha.

Jumatatu, 28 Januari
Tumekwenda na askari wawili. Wakavunja kufuli. Alikuwa sakafuni, nyuma ya mlango, midomo imepasuka, vidonda vya mgongo vinanuka. Yuko hai.
Mama mmoja wa jirani alikuwa amerudi kuchukua sufuria zake. Akashika mdomo. "Kwani kulikuwa na mtu huko ndani? Mi nimekaa hii ploti miaka minne!"
Miaka minne. Na mimi nilimpa kumi na sita.
Nimetapika kando ya lori. Askari mmoja alidhani ni harufu.

Alhamisi, 7 Februari
Wodini. Vidonda vimefika mfupani. Daktari haahidi kitu. Athumani amekaa kwenye benchi la nje, hataki kunitazama, nami sitaki kumtazama.
Nilimweleza Salim nilichofanya. Fomu, alama, lori. Alitazama dari.
"Nilikusikia siku hiyo," akasema. "Sauti ya mwanamke, inaniulizia. Nikajipangusa uso, nikavaa shati. Nikangoja uniite."
Nilimbadilishia maji kwenye gilasi, nikakaa naye mpaka muda wa wageni ukaisha.