Lori la Baba Lilipokunywa Miti

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa kwenye kitalu chetu cha miche. Mama mzima, na paa la jikoni hatimaye limezibwa.

Ile miti tuliyoipanda ulipoondoka ilinipita urefu mara nne, kwa miaka mitatu tu! Tuliikata, na mwezi haukuisha visiki vikachipua tena. Magogo tuliyasaga, na mtambo mpya wa hapa kitaluni ukayageuza mafuta ya gari.

Jana tuliyajaribu kwenye lori la zamani la baba. Unamjua, siku zote alikuwa akinicheka: "Miaka arobaini nimeshika usukani, sijawahi kulinywesha lori mti!"

Injini iliwaka mara moja. Sote tukashangilia, baba akabaki ameduwaa. Kaka, kuna jambo nimekuficha. Baba hasikii tena tangu mwaka jana, na alinikataza kukuambia.

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya boneti. Akafumba macho.

"Inapumua vizuri," akasema taratibu. "Mwanangu, kweli huu ni mti?"

Nikaitikia kwa kichwa huku machozi yakinitoka. Hakuuondoa mkono mpaka mafuta yalipokwisha.

Mdogo wako akupendaye,
Bibi Miche, kama ulivyozoea kuniita