Haikufa, Mke Wangu

Mke wangu,

Nimetoka kidogo. Maharage nimeshayaepua, yanataka chumvi tu. Usichomoe tableti kwenye umeme!

Asubuhi, nilipokuwa naibadilishia mfumo wa kuiendesha, ulipoona kioo cheusi ulisema, "Mzee, umeshaiua. Nipe nikatie vitunguu." Niliumia. Siku ya kuinunua, dukani niliacha ile mpya inayong'aa nikachukua hii ya bei nafuu kwa sababu wengi walishaibadilishia mfumo, wakaandika mtandaoni namna ya kuifufua ikizimika. Nimesoma mstari kwa mstari, kama enzi za masomo ya jioni. Imewaka! Mfumo mpya hauna matangazo, na maandishi nimeyakuza uyasome bila miwani.

~~Usiiguse mpaka nirudi.~~ Iguse, ni yako.

Kibao cha kukatia vitunguu kiko palepale, nyuma ya mlango.

Mumeo, ambaye hajaua kitu