Bustani Aliyoiona Mama

Tibirinzi,
Chake Chake, Pemba.
14 Agosti 2025

Mpendwa kaka Suhail,

Assalaam alaykum. Joto la Maskati linakufanyaje mwezi huu? Wifi yangu na mtoto hawajambo? Sie huku tunashukuru Mungu, ila Mama ana lake. Nampa Hamdan anayesafiri kuja huko kesho akuletee barua hii, kwa sababu kwenye simu Mama huwa kakaa ubavuni mwangu.

Jumamosi nilimtoa kijijini Ole nikamleta kwangu mjini, tukaenda kwenye maonesho ya picha. Tajiri mmoja wa ng'ambo kakusanya picha za wachoraji wa Ulaya, za zamani na za kisasa, miaka arobaini zimo nyumbani kwake tu. Sasa kazileta kwenye jumba la makumbusho kwa wiki mbili.

Kaka, wallahi sijapata kuona! Kuna moja ya bahari, ukiisogelea ni matone ya rangi matupu, mazito kama rojo. Rudi nyuma hatua tano: Subhanallah, maji yanameremeta mpaka nikakunja buibui nisirowe! Nilikwenda mbele na nyuma mara nne, Mbarouk anayetembeza wageni akawa ananicheka.

Tukafika kwenye picha ya bustani, ina dimbwi la mayungiyungi. Ukungu mtupu, huoni jani linapoishia. Watu wakanong'ona kuwa mchoraji kalipua kazi. Unamjua Mama, kasuka mikeka miaka hamsini, ukikosea ukili mmoja anakufumulia mkeka mzima. Nikangoja maneno yake. Akaitazama weee, kisha akasema, "Huyu ndiye mkweli wao. Kachora vitu kama vilivyo."

"Mama, si vimevurugika hivi?"

"Vimevurugika wapi? Si ndivyo uani kwetu kulivyo?"

Nikaikumbuka mikeka yake ya mwaka huu, nyekundu imeingia mahala pa zambarau, nasi tukisifu mtindo mpya. Nikamwonesha vidole, nikamuuliza vingapi. Akaniambia nisimfanye mtoto mdogo, na idadi hakuitaja.

Jumatatu nikampeleka hospitali. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anasema akipasuliwa ataona, inshaallah. Akagoma! Eti akipona ile bustani itamwondokea. Nilicheka, kisha nikalia, maana nami niliuona uzuri wake. Lakini mama yetu anapofuka, kaka, na kwa ukaidi ule nilijua simuwezi.

Jana asubuhi akaja mwenyewe jikoni, akasema apelekwe. Atapasuliwa Jumatano ijayo.

Mjomba Rajab na Bi Saada wanakusalimu sana. Mama naye anakusalimu, na anamuomba mjukuu wake radhi. Ile picha yake uliyotuma, aliyowaonesha majirani wote akisema kachukua macho ya babu yake, hajapata kuiona hata siku moja. Anataka kumwona.

Mola akulindeni huko, na muombeeni dua.

Dada yako akupendaye,
Asya